Majivu Yasiyofuata Upepo

Jumamosi, tarehe 6 Julai 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, anga lilikuwa jeupe bila wingu, na upepo mkavu wa kiangazi ulikuwa ukivuma kutoka mashariki kwenda magharibi, kama uvumavyo kila Julai katika nchi ya Tabora. Erasmus Shigela, katibu mstaafu wa kijiji kimoja nje kidogo ya Usinge, alisimama nyuma ya jiko lake akiwa amevaa kofia ya ukingo mpana. Akatoa mfuko mdogo wa kitambaa, akautikisa. Majivu yakatoka. Yalikaa hewani kidogo kana kwamba yanajipanga, kisha yakaondoka kuelekea mashariki, dhidi ya upepo, kwa mstari mmoja, bila kusukumana. Wakati huohuo upepo uliichukua kofia yake ukaipeleka magharibi hadi kwenye ua wa jirani.

"Upepo unatoka magharibi," Erasmus alisema, akaenda kuiokota kofia.

Mtani wake wa miaka mingi, Uwesu, fundi baiskeli wa Tabora mjini, alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, akinoa kisu.

"Katibu," alisema, "kofia yako na majivu yako yamegombana?"

"Majivu ni kipimo. Kofia ni vazi."

"Basi vazi lako limesoma kuliko kipimo chako."

Shughuli iliyokuwa mbele yao haikuwa ya mchezo. Benjamini, mwana wa Erasmus, angeoa Jumamosi iliyofuata. Katika kikao cha mahari, mbele ya wakwe waliotoka Ziba, Erasmus alikuwa amesimama na kutamka kwamba nyumba ya Shigela haiwalishi wakwe nyama ya buchani, wangekula pongo. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Lakini alikuwa amesema kwa sauti, akiwa wima, vifungo vyote vya koti vimefungwa, na mtu aliyelelewa katika bweni la shule hafahamu namna ya kulirudisha neno la aina hiyo. Kibali cha kuwinda pongo mmoja alikuwa nacho. Uwesu aliitwa kwa sababu nusu ya wakwe walikuwa Waislamu, na nyama isiyochinjwa ipasavyo ingekuwa tusi.

Pongo wa upande ule hulamba chumvi mahali pamoja, penye udongo mweupe kando ya njia ya zamani ya misafara. Husemwa kwamba wapagazi waliotoka Uvinza na mizigo ya chumvi walikuwa wakipumzika pale, na mizigo yao ilivuja. Wanyama hawajaacha kunufaika.

Kanuni ya ulingo, kile kichanja cha mwindaji mtini, ni rahisi. Mwindaji huketi upande ule ambako upepo unaelekea, ili harufu ya mnyama imfikie yeye, harufu yake isimfikie mnyama. Kwa kuwa majivu yalikwenda mashariki, Erasmus alijenga ulingo wake mashariki ya chumvi, katika panda za mninga. Alasiri wakapanda, wakanyamaza.

Jua lilipoanza kulegea, pongo walikuja. Dume lao lilisimama mbali, likainua pua, likatulia kwa muda kama mtu asomaye tangazo ukutani. Kisha likabweka. Wote wakageuka na kuondoka kwa mwendo wa kawaida. Hawakuona haja ya kukimbia.

"Wamekusoma," Uwesu alinong'ona. "Jina, ukoo na sabuni unayoogea."

Jumapili Erasmus hakuwinda, kwa kuwa Jumapili ni Jumapili. Jumatatu alitikisa mfuko palepale penye chumvi, na majivu yakaenda mashariki. Akausogeza ulingo zaidi mashariki. Dume lilifika, likasoma, likabweka. Jumanne hali ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa kwamba dume halikujisumbua hata kubweka. Lilipiga chafya, wenzake wakaelewa.

"Katibu," Uwesu alisema wakishuka, "majivu haya yana safari yao. Tuyafuate."

Erasmus akautikisa mfuko tena, wakayafuata majivu. Yalikwenda mbele yao kwa utaratibu, yakipita kati ya miyombo kwa urefu wa kiuno, yakivipita vigingi vyeupe vya hifadhi, mpaka palipokuwa kitongoji cha Tulieni. Nyumba zilikuwa zimekwisha kubomolewa na majani yamemea. Katikati ya majani yalikuwapo mafiga matatu, na juu yake lundo la majivu lililofika magotini. Majivu ya siku ile yaliwasili, yakatua juu ya wenzao. Uwesu aliingiza mkono.

"Yana joto," alisema, akaupangusa mkono kwa suruali.

Erasmus aliyatambua mafiga. Mwaka aliooa, mkewe Doto alikuja hapa kuomba moto wa kwanza wa nyumba yao mpya, kwa sababu nyumba ya Mnyamwezi haikuanzia kwenye kiberiti. Ilianzia kwenye jiko la jirani. Jirani huyo alikuwa Theodora Mhoja. Tangu siku hiyo moto wa Doto ulifunikwa kila usiku na kuamshwa kila asubuhi, haukuzimika. Majivu yake, kwa hiyo, yalikuwa yakirudi kwao. Erasmus aliona kwamba kosa lilikuwa lake. Haifai kuupima upepo kwa majivu yenye kwao.

Kuhusu nyumba zilizobomolewa hakusema kitu, ingawa lilikuwapo la kusema. Miaka mitatu kabla, katika mkutano wa mipaka, yeye ndiye aliyeita majina ya kaya za Tulieni, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kiranja. Hakuna aliyeitika. Kitongoji kizima kilikuwa Kaliua kikizika. Erasmus alilijua hilo; asubuhi ileile alikuwa ametoa rambirambi. Lakini kanuni aliyofunzwa shuleni, na ambayo hajawahi kuivunja, ilikuwa kwamba asiyeitika jina lake hayupo. Akaandika kwamba eneo halina wakazi. Vigingi vikasogezwa, na wakazi wasiokuwapo wakaondolewa kwa malori mawili.

Jumatano asubuhi alifuatana na Uwesu hadi Usinge, ambako Theodora alikuwa akiishi katika chumba cha uani kwa mwanawe Kashindye. Alimkuta akimenya karanga.

"Shikamoo, Mama Kashindye."

"Marahaba, Katibu. Umekuja kuhesabu watu?"

Uwesu alicheka peke yake. Erasmus alivua kofia.

"Nimekuja kuomba majivu."

"Yako yameisha?"

"Yangu yanakwenda kwako."

"Nasikia. Warina asali wameniambia lundo limefika magotini." Theodora alipuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Moto ule haukupenda ugeni tangu mwanzo. Doto aliuchukua kwenye kigae, mvua inanyesha, nikamwambia, siku moja moto huu utaomba kurudi kwao. Hakukwambia?"

"Aliniambia. Nilidhani ni maneno ya jikoni."

"Ni maneno ya jikoni, ndiyo. Wewe unakula wapi, ofisini?"

Aliingia ndani akatoka na kopo la majivu. "Haya ni ya kiberiti cha dukani. Hayana kwao. Yatakwenda upepo unakokwenda."

"Unanidai nini, mama?"

"Anachodai mwenye ardhi. Chumvi ile iko katika ardhi yangu ya Tulieni. Paja lililolala chini."

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko misafara. Mnyama akianguka, upande uliogusa ardhi hauna ubishi: jino la chini la tembo, paja la chini la pongo, ni la mwenye mahali. Mwindaji hulipeleka kwa mikono miwili na kusema, "Ardhi yako imetoa; pokea." Bila maneno hayo nyama ni nyama tu. Erasmus alikubali papo hapo. Alipenda mambo yenye utaratibu, na hakufikiri zaidi ya hapo.

Alhamisi majivu ya kiberiti yalikwenda magharibi, pamoja na kofia. Erasmus alijenga ulingo magharibi ya chumvi. Dume lilikuja, likainua pua, halikupata cha kusoma, likainamisha kichwa kulamba. Erasmus alifyatua risasi moja. Dume lilianguka kwa ubavu wa kushoto, na Uwesu akawahi kwa kisu na bismillahi.

Ijumaa asubuhi Erasmus alilifunga paja la kushoto kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, akaendesha hadi Usinge, Uwesu nyuma yake kwa baiskeli nyingine. Theodora alikuwa ametandika majani safi ya mgomba mlangoni na kujifunga kanga mpya. Majirani wawili watatu waliotoka Tulieni walikuwa wamesimama ukutani, mikono nyuma. Erasmus alilishika paja kwa mikono miwili.

"Mama Kashindye," alisema, "pokea zawadi hii."

Hakuna aliyesogea.

"Hiyo siyo, Katibu," Theodora alisema kwa upole, kama amsahihishaye mtoto hesabu. "Anza tena."

"Nyama ni ileile, mama."

"Nyama ni ileile. Maneno siyo."

Erasmus alisimama wima na mzigo wake. Damu ilimdondokea kwenye kiatu kilichong'arishwa. "Niliandika kwamba pale hapana mtu," alisema. "Nilitia sahihi. Nikisema leo kwamba ardhi ni yako, nitakuwa nimesema uongo siku ile."

"Ndivyo ilivyo," alisema Theodora.

"Mimi sijawahi kusema uongo katika maandishi."

"Katibu, sema tu!" Uwesu alimhimiza. "Maneno manne! Au kesho wakwe wale pongo wa miguu mitatu?"

Erasmus alifungua mdomo kama mtu anayeanza kuita majina. Jogoo aliwika uani. Akaufunga mdomo.

Theodora alilichukua paja kutoka mikononi mwake. Hakuliweka juu ya majani. Alikwenda nalo hadi kwenye baiskeli, akalilaza kwenye keria na kulifunga kwa mpira uleule, mafundo mawili, lisidondoke njiani.

"Rudi nalo," alisema. "Silipokei. Deni libaki deni. Siku utakapoliita jina langu, Katibu, nitaitika."

Majirani wakaitika "naam" kwa pamoja, kana kwamba wameitwa tayari. Theodora aliketi na kuuvuta ungo wake wa karanga.

Wakati huo Doto alikuwa amemaliza kuchota majivu ya jikoni. Erasmus, akirudi kwa njia ya zamani ya misafara, aliyaona yakija mbele yake kwa mstari mmoja, yakielekea Tulieni dhidi ya upepo. Alipiga kengele, akasogea kushoto kama sheria ya barabara inavyotaka, akayapisha.