Jina Lililobandikwa Ukutani

Delfina alikuja pwani na wafanyakazi wenzake kuota jua na kutazama maua, basi. Kupanda mlimani hadi kijijini kwao, alikobaki kaka yake, hakukuwamo katika safari. Walipogombana juu ya kuuza shamba la maua la marehemu mama yao, aliapa kutokanyaga tena kijijini, na kwa ukaidi Delfina hakuwa na mpinzani.

Basi lao liliposimama chini ya kijiji watu wanywe kahawa, aliona ukutani tangazo la msiba lenye ukingo mweusi: Giobatta Rebaudo. Jina la kaka yake. Mistari mingine hakuisoma. Akashika ukuta.

"Mazishi lini?" alimuuliza muuza maua wa pale pembeni.

"Jioni hii, mama. Ni wako?"

"Kaka yangu."

"Pole sana. Mimi si wa hapa, simjui."

Akamfungia krisantemu nyeupe, maua ambayo kule hapelekewi mtu anayepumua. Delfina akapanda ngazi za mawe huku analia na kujitukana. Shamba lenyewe, alilolipita njiani, sasa lilikuwa magugu matupu, na kwa ajili yake alikuwa amemnunia ndugu wa pekee mpaka akafa.

Alibisha mlango, akitarajia mjane. Aliyefungua ni Giobatta mwenyewe, shavu limejaa mkate.

Delfina aliruka nyuma hatua moja. Giobatta naye aliacha kutafuna. Akamtazama dada yake, akayatazama maua.

"Hayo ya nani?"

"Yako," alisema Delfina.

"Kumbe nimekufa. Na mke wangu hajaniambia."

"Nimeona jina lako ukutani, kaka."

"Na la utani ukalisoma? Limeandikwa hapo chini. Akina Giobatta Rebaudo tuko watatu hapa. Aliyekufa ni Chumvi, yule wa kinu cha mafuta. Hata watoto wanajua si mimi."

Delfina alipepesa macho. Furaha na aibu vilimjia pamoja, hakujua aanze na kipi.

"Kwa hiyo ulikuwa unakuja kunizika," Giobatta alisema taratibu. "Na kama usingeliona lile tangazo, ungepanda?"

Angeweza kudanganya. "Hapana. Nilikuja kuota jua."

Giobatta akatikisa kichwa, akameza mkate wake.

"Na wewe wanakuitaje?" Delfina aliuliza.

Kaka yake akatazama chini.

"Kesho."

"Kesho?"

"Walikuwa wakiniuliza dada yako anakuja lini, nawajibu kesho. Mwaka baada ya mwaka. Wakacheka, jina likanata."

Delfina alihisi kama amepigwa kofi. Akasimama pale mlangoni, maua yakimteleza mikononi.

Giobatta aliyapokea kabla hayajaanguka, akayaweka nje kando ya kizingiti.

"Ingia ule," alisema. "Hayo tutampelekea Chumvi."