Daftari la Mama Faili

Walimwita Mama Faili, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa masjala hospitalini, na faili la mgonjwa alilichomoa kabatini kabla mwenyewe hajamaliza kutaja jina la baba yake. Kisha zikaletwa kompyuta, na ofisa utawala akatangaza kwamba karani asiyezisomea atafute pa kwenda. Basi akiwa na miaka hamsini na moja akajiandikisha chuo kikuu, masomo ya jioni, utangulizi wa sayansi ya kompyuta. Darasani alikaa na mtoto wa mdogo wake, kijana ambaye yeye mwenyewe alimshika mikono akijifunza kutembea. Yeye, mdogo wake na kijana huyo waliishi nyumba moja.

Wiki za mwanzo zilimtoa jasho. Akisahau nukta-mkato moja tu, programu nzima inagoma.

"Mashine hii ina kisirani kuliko mama mkwe wangu," alisema, darasa zima likaangua kicheko.

Lakini siku mhadhiri alipofundisha namna ya kutafuta jina katika orodha ndefu iliyopangwa, fungua katikati, tupa nusu isiyohusika, fungua tena katikati, alijikuta anatabasamu peke yake. Kumbe mambo aliyoyafanya kabatini miaka yote hiyo yalikuwa yameandikwa vitabuni!

Zoezi la alama nyingi likawa hilohilo. Nyumbani hakukuwa na kompyuta, kwa hiyo aliiandika programu daftarini kwa kalamu, akikata na kurudia, ndipo akaenda kuichapa maabara ya chuo na kuihifadhi kwenye flashi.

"Mama mkubwa, niazime flashi yako," kijana alimwomba. "Nione tu ulivyopanga."

Akampa. Mtoto uliyemlea unamnyimaje?

Siku nane baadaye wakaitwa ofisini. Mhadhiri aliketi na mkuu wa idara, na mezani zilikuwepo kazi mbili zinazofanana hadi kosa la tahajia: zote ziliandika "katkati".

"Mmoja wenu kanakili," mhadhiri alisema. "Nani?"

Kijana hakumtazama mama yake mkubwa. "Mimi nilimsaidia tu. Umri wake mnauona. Sikujua angebeba yote."

Mkuu wa idara akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Mama Faili kuliko uongo wenyewe. Alikuwa ameshaaminiwa, yule mtoto. Daftari lilikuwa mkobani. Akilitoa, atammaliza kijana. Asipolitoa, kazi na jina lake vyote vinakwenda na maji. Mkuu wa idara akavuta fomu ya nidhamu na kuanza kuijaza.

Ndipo Mama Faili akalitoa daftari.

Mhadhiri akapekua kurasa kumi na moja za mishale na mistari iliyokatwa, na "katkati" ya wino mweusi. Akamgeukia kijana.

"Hapa umejumlisha moja. Kwa nini?"

"Ndivyo... ndivyo inavyoandikwa," kijana akasema.

"Mama, wewe je?" mhadhiri akamuuliza Mama Faili.

"Usipojumlisha moja," alisema taratibu, "utafungua faili lilelile mpaka kiama."

Kijana akafukuzwa chuo. Hilo lilikuwa kosa lake la pili la namna hiyo. La kwanza alikuwa amewaficha watu wa nyumbani.

Mdogo wa Mama Faili alimkuta sebuleni, hajavua hata viatu.

"Ungenyamaza, dada."

"Alinisingizia."

"Ni mtoto!"

"Ana miaka ishirini na mbili."

"Wewe ulibakiza miaka michache tu ustaafu. Yeye alikuwa na maisha yote mbele." Akafuta macho kwa kanga. "Umemuua mwanangu akiwa hai."

Mama Faili akagonga mlango wa chumba cha kijana. Alimsikia akivuta kamasi ndani, lakini kijana hakufungua. Kabla wiki haijaisha, mama na mwana walihamia kwa jamaa, na vitanda vyao, na masufuria yao.

Mtihani wa mwisho Mama Faili alipata themanini na tatu. Hospitali ikambakiza, ikampa meza na kompyuta. Jioni hiyo akampigia mdogo wake ampe habari. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, na mara ya tatu ikapokewa na kijana.

"Mwanangu," alisema, "mama yako yupo?"

Kisha akaisikia sauti ya mdogo wake kwa mbali, ikiuliza ni nani.

"Wamekosea namba," kijana akajibu, akakata.