Mapazia Yamefuliwa

Mhakiki wa filamu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuivunja: kila filamu mpya aliitazama mara mbili kabla ya kuandika makala. Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa, siku ya kuzinduliwa, ukumbi umejaa watu wanaocheka na kutafuna. Mara ya pili ilikuwa Jumatano saa nane mchana, ukumbi mtupu, yeye na feni tu. Alisema Ijumaa unatazama watu, Jumatano unatazama filamu. Makala yake ilitoka gazetini kila Alhamisi, ukurasa wa kumi na nne, na mwishoni aliweka nyota, mwisho tano. Kwa hiyo mtaani walimwita Bwana Nyota. Tano hakuwahi kumpa mtu. Shemeji yake mwenyewe aliwahi kuigiza kama polisi akaambulia moja, na tangu hapo mhakiki akienda ukweni anapewa kiti kisicho na mgongo.

Jumatano hiyo alikaa safu ya tano, kiti cha pembeni, akavua viatu kama kawaida yake, akawasha kitochi, akafungua daftari. Filamu ilikuwa ya mapenzi na kisasi. Tangu Ijumaa alikuwa ameshaandika: "Mapenzi baridi, kisasi kivivu. Nyumba ya binti ina mapazia yenye vumbi." Nyumba hiyo ndiyo adui aliyoichoma moto kwenye dakika ya sitini na nane, na kusema kweli moto peke yake ndio ulioigiza vizuri.

Sasa mapazia yalikuwa yamefuliwa. Mhakiki aliangalia tena. Yamefuliwa na kupigwa pasi, na sakafu nayo imepigwa deki. Wapenzi walipokuwa wanagombana sebuleni, nyuma yao jikoni alikuwepo mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, anachambua mchele kwenye sinia. Ijumaa hakuwepo. Mhakiki akaandika: "Mapazia yamefuliwa. Mama wa jikoni anaigiza vizuri, hana habari na mtu."

Dakika ya sitini na saba mama aliweka sinia chini, akaibeba cherehani iliyokuwa dirishani, akawaomba wapenzi wampishe, akatoka. Alitokea pembeni mwa skrini, karibu na mlango wa dharura, akashuka ngazi mbili huku anahema. Moshi kidogo ulimfuata. Alipopita mbele ya mhakiki alimwomba radhi kwa kumziba, naye akakunja miguu. Kufika mlangoni, cherehani ilikuwa imeshakuwa majivu mikononi mwake. Mfagiaji alikuwa pale na kizoleo chake, anasubiri.

Mkata tiketi ndiye aliyemweleza mhakiki, kwa sauti ileile anayowaelekezea watu choo. Mama huyo ni mshonaji, mjane, na nyumba ni yake kweli, si ya kuigiza. Kampuni ya filamu iliiazima kwake kwa siku tatu, ikamwambia moto utakuwa wa taa na moshi wa chupa. Siku ya tatu mwongozaji akaona moto wa taa haumkolei. Wakachoma nyumba. Wakamwahidi watamjengea nyingine, na ahadi ni deni, lakini hawa walimlipa kwa picha: yeye kasimama na mwigizaji mkuu, wote wawili wanakohoa. Sasa anakaa kwa wifi yake, analala sebuleni. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, wanasema, na yeye alikuwa kwenye mwezi wa saba wa ugeni, jembe lenyewe limebaki mpini. Jumamosi alikuja kutazama filamu. Akaiona nyumba yake imesimama, mlango uko wazi, akaingia. Tangu siku hiyo anakata tiketi ya saa nane kila siku. Mkata tiketi alisema ukumbi hauna shida naye, ila walimkataza kuja na ndoo ya maji, maana inalowesha zulia.

Mhakiki alimkuta nje kwenye benchi anajipangusa majivu kwenye mikono. Alijitambulisha, lakini mama alikuwa anamjua, kila mtu anamjua. Akamuuliza ataandika nini kesho. Mhakiki hakuwa mtu wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema atatoa nusu nyota, na ataandika yote kuhusu nyumba, waliohusika waone haya. Kila mtu pale alijua kwamba filamu ikipata nusu nyota ya Bwana Nyota, ikifika Ijumaa mwenye ukumbi ameshaibandua.

"Kaka, usiandike hivyo," mama alisema. "Wataitoa."

"Filamu ni mbaya, dada."

"Mbaya ndiyo, kwani mimi nimesema nzuri? Nyumba ndiyo nzuri."

Mhakiki akamuuliza kwa nini anahangaika na cherehani kila siku, na anajua haifiki mlangoni.

"Sasa niiache iungue naiona?" mama alisema.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mhakiki aliomba makala yake isogezwe wiki moja. Jioni hiyohiyo aliiandikia kampuni barua ya heshima: mjengeeni mama nyumba, hata ya vyumba viwili, halafu kila mtu awe huru, yeye aiseme filamu anavyoiona na mama asiitegemee. Jibu lilikuja Jumatatu, lina muhuri. Lilisema kwamba mlalamikaji anaonekana kila siku, mbele ya mashahidi walionunua tiketi, akiishi ndani ya nyumba hiyo, akifua mapazia na kupika. Kwa hiyo hawezi kuhesabiwa kuwa mtu asiye na makazi, na kampuni haioni sababu ya kujenga nyumba ya pili. Walimtakia afya njema.

Mhariri aliisoma barua mara mbili akasema imepangwa vizuri. Aliongeza kuwa habari za nyumba si za ukurasa wa kumi na nne, na ukurasa wa kumi na tano, unaotazamana nao, ni tangazo la kampuni hiyohiyo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema, mwenye watoto watano, na alimletea mhakiki chai.

Mhakiki alikaa na ile chai mpaka ikapoa. Wazo la kuisifu filamu ile lilimuuma, tena sana, kwa sababu kitu pekee alichokuwa nacho duniani ni kwamba watu walimwamini. Mwisho akapiga moyo konde, akaandika. Juu ya mapenzi hakusema kitu, juu ya kisasi hakusema kitu. Aliandika makala nzima juu ya nyumba: jinsi mwanga unavyoingia kwa mlango wa jikoni, dirisha lenye cherehani, msumari ukutani unaoonyesha kwamba kuna mtu alikuwa anatundika koti lake hapo na hayupo tena. Aliandika kwamba katika miaka yote ya kazi hajaona nyumba inayokaliwa kama ile. Akatoa nyota tano.

Watu wakaja. Wengine walitoka mbali, wakaitazama, wakarudi na wake zao na mama zao. Walimpenda yule mama wa jikoni. Dakika ya sitini na sita wakawa wanamkumbusha kwa sauti, toka mama, muda umefika, naye anawapungia mkono. Mwenye ukumbi akaongeza mwezi, kisha miezi mitatu. Kampuni ikaandika "NYOTA TANO" juu ya bango kwa herufi kubwa kuliko jina la filamu. Nyumba haikujengwa.

Jumatano moja mhakiki alimkuta mama kwenye foleni ya tiketi, nyuma ya watu kama hamsini. Foleni ilisogea polepole. Zamu yake ilipofika, mkata tiketi alimwambia kwa masikitiko kwamba zimeisha, zimeisha zote, labda kesho. Mama alisimama pale na mkoba wake, ndani mna sabuni na kitambaa kipya cha meza alichokimaliza kushona asubuhi hiyo. Hakulalamika. Aliuliza tu saa ngapi kesho aje ili awahi.

Mhakiki alitoa mfukoni kadi yake ya bure, ile ya safu ya tano, akamwekea mkononi. Mama alitaka kukataa. Akamwambia aende, filamu imeshaanza, na wapenzi wale hawajui hata kufungua dirisha. Mama akaenda karibu mbio.

Siku hiyo, na Jumatano zote zilizofuata, mhakiki alikaa kwenye benchi la nje. Filamu nyingine akawa anaziandika kwa kuzitazama mara moja tu, na wasomaji hawakugundua. Moto ulipowaka ndani alisikia ukumbi mzima unapiga makofi kwa nguvu, maana ulikuwa moto mzuri kweli. Akainuka akaenda kushika mlango, kwa sababu mama alikuwa anakuja na mikono yake imejaa.