Makabidhiano ya Geti la Mzee Yotham

Restuta alipiga msasa vyuma vya watu miaka minne katika karakana ya Mama Nargis, Kizota, ndipo akapewa kusimamia mradi wake wa kwanza: geti la Mzee Yotham, mstaafu anayetaka kujenga nyumba kando ya njia ya Buigiri. Akausimamia kisawasawa. Alipima mara tatu, akaandika ratiba, akamtumia mteja ripoti kila Ijumaa. Geti likasimikwa siku ile ile iliyopangwa, jeusi, zito, na komeo nene.

Kasoro ilikuwa moja tu: ukuta haukuwapo. Wala nyumba. Geti lilisimama peke yake uwandani, ng'ombe wakipita kushoto na kulia kwake.

"Sisaini," mzee alisema kwenye simu. "Geti gani halizuii hata mbuzi?"

Mama Nargis naye hakuzunguka. "Hati ya makabidhiano isiposainiwa leo, kesho unarudi kwenye msasa."

Restuta aliogopa hasa. Akatafuta mlinzi, Ulimboka, mtu asiyejua utani hata kidogo, akamwambia asipitishe mtu bila karatasi. Kisha akamwita mzee.

Mzee Yotham alikuja amevaa suti, moja kwa moja hadi getini. Mtu wa heshima zake angepitaje pembeni? Akagonga.

"Shikamoo, mzee," alisema Ulimboka. "Una miadi?"

"Marahaba. Geti hili ni langu!"

"Wote husema hivyo. Karatasi iko wapi?"

Jua lilikuwa linachoma. Restuta, aliyesimama upande wa ndani, akapenyeza hati katikati ya nondo. Mzee akasaini. Ulimboka akaisoma mstari kwa mstari, akapiga saluti, akafungua.

"Limenizuia mimi!" mzee alisema, amefurahi kupita kiasi. "Mimi mwenyewe! Hili ndilo geti." Akaingia, akaamuru lifungwe.

Restuta alitamani kuruka. Akaikunja hati, akaaga.

"Ruhusa ya kutoka?" aliuliza Ulimboka. "Anatoa mwenye nyumba."

"Asubiri kwanza," mzee aliitikia kutoka kwenye majani makavu. "Niko sebuleni."

Restuta akatazama kushoto. Hatua tatu tu na yuko barabarani, hakuna wa kumshika. Lakini akipita huko, yeye aliyelipima na kulisimika, basi halitakuwa geti tena.

Akatandika khanga, akaketi kusubiri.