Panya wa Maabara na Kifua cha Baba

Mzee alikuwa fundi wa kupiga rangi magari, na kule gereji walimwita Mzee Thina, maana harufu ya thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, ilimtangulia popote alipokwenda. Binti yake, aliyefanya kazi katika maabara ya chuo, alimnunulia barakoa yenye chujio na kumwomba asipulize rangi bila kuivaa.

Mwaka huo maabara yao ilikuwa ikichunguza kitunguu saumu. Jumapili moja, wakiwa mezani, baba akamuuliza habari za kazi, naye akamsimulia waliyoyaona kwenye maini ya panya. Ini lina vimeng'enya vya namna nyingi, alisema. Vipo ambavyo vikikutana na kemikali fulani huigeuza ikawa kali zaidi, hata ikaweza kuleta saratani. Vingine huikamata na kuirahisishia njia ya kutoka mwilini. Panya waliopewa kitunguu saumu, vile vya kwanza vilipoa, vya pili vikaongezeka.

"Kwa hiyo kinasafisha," baba akasema.

"Kinalisaidia ini kusafisha. Kwa panya."

Hilo la panya baba hakulishika.

Miezi miwili baadaye binti alipita gereji kumpelekea simu aliyoisahau nyumbani. Akamkuta chumba cha rangi, bomba la kupulizia mkononi, uso wazi bila barakoa katikati ya wingu jekundu.

"Usininunie, mama," mzee akasema, akizima mashine. "Kila asubuhi natafuna punje nne mbichi za kitunguu saumu. Mama yako ameikimbia harufu, ameshahamia chumba cha wageni."

Mafundi wakacheka. Binti hakucheka.

"Baba, wale ni panya. Tuliwapima kwa kemikali moja, na kipimo chao si cha kijiko cha jikoni. Nani alisema kitunguu kinachukua nafasi ya barakoa?"

"Si wewe uliyeniambia?"

Kweli binti alimwambia, tena kwa mbwembwe, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baba kuuliza habari za kazi yake.

Mzee akamvuta nje, wakakaa kwenye benchi nyuma ya magari.

"Ile barakoa nikiivaa pumzi haipandi," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu mwaka jana, kabla ya hivyo vitunguu vyako. Nilipata kisingizio nikakishikilia."

Binti akamtazama. Maini ya panya mia mbili aliyajua kwa namba, lakini hakuwahi kusikia jinsi baba yake anavyohema akipanda ngazi za nyumbani.

Kesho yake wakaenda hospitali pamoja. Vipimo havikuonyesha uvimbe wowote. Daktari alisema ni pumu iliyoletwa na kazi, akampa dawa na kumkataza kupuliza rangi tena.

"Na kitunguu saumu?" mzee akauliza.

"Kula, kwenye mchuzi."

Mwenye gereji akamhamishia mapokezi, awe anakagua magari na kuzungumza na wateja. Wiki ya kwanza alinuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Ya tatu akaanza kuwakosoa vijana kupitia dirishani, na mama, harufu ya kitunguu ilipopungua, akarudi chumbani kwa mumewe.

Binti bado yuko maabara. Zamani mgeni akimuuliza kama kitunguu saumu kinazuia saratani, alijibu papo hapo kwa furaha. Siku hizi humvutia kiti kwanza, akamuuliza anafanya kazi gani.