Nyumba ya Tisa

Kulsum alikuwa na miaka arobaini na sita alipojaza fomu ya mtihani, na katika ofisi nzima ya ustawi wa jamii alikokuwa karani wa mafaili, hakuna aliyedhani angethubutu. Ulikuwa mwaka 1998. Makarani wa siku nyingi walikuwa wamefunguliwa mlango: atakayefaulu karatasi tatu atakuwa afisa. Mbili zilikuwa za lazima, sheria na utawala. Ya tatu kila mtu alijichagulia: uhasibu, uchumi au sosholojia.

Jaffer, mdogo wake anayekaa Queensburgh, alikuja Jumapili kumshauri.

"Dada, chukua uhasibu. Mbili na mbili ni nne, msahihishaji apende asipende. Sosholojia ni porojo. Utaandika kurasa kumi, mtu aseme hakubaliani nawe, basi umeanguka."

"Nitafikiri."

"Ufikiri nini? Mimi mwenyewe nitakufundisha."

Alisema hivyo funguo za gari zikiwa tayari mkononi. Jaffer alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na haraka.

Kwa kweli Kulsum hakuwa na la kufikiri. Alikuwa amekwisha kuchagua, na kilichomchagulia ni sentensi moja chini ya fomu: mtahiniwa wa sosholojia atatembelea nyumba kumi za jamii moja, atazungumza na wenyewe, kisha ataandika ripoti. Aliisoma ndani ya basi la Chatsworth, akafika nyumbani akaisoma tena amesimama jikoni, hata viatu hajavua. Nyumba kumi!

Mumewe alikufa zamani na Mungu hakuwajalia mtoto. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na miaka mitatu kaburini. Majirani walimsalimia kwa adabu ng'ambo ya uzio. Kazini alikula mkate wake mezani akisikiliza redio ya mwenzake. Jumatatu moja alimsalimia mlinzi wa getini, sauti ikatoka imekwaruza kama ya mgonjwa, ndipo akatambua kwamba tangu Ijumaa hakuwa amesema neno na mtu. Sasa serikali inamwamuru akabishe hodi kwenye milango ya watu. Angekataaje?

Angeweza kuandika habari za watu wake, wazawa wa Waswahili ambao serikali ya makaburu iliwahamisha kwa nguvu kutoka Bluff hadi Chatsworth yeye akiwa mtoto. Lakini alijua itakavyokuwa: wangemwekea chai, wangemtaja marehemu mama, wangesema maskini Kulsum. Alitaka watu wasiomjua. Mjini, karibu na bandari upande wa Point, kulikuwa na jengo la ghorofa nne lililojaa Wakongo. Aliwahi kuwasikia kituoni wakizungumza Kiswahili, lugha ya bibi yake, ingawa kwao ilikuwa imepinda hapa na pale. Akaandika jina la jengo lile.

Mlango wa kwanza aligonga kwa Kiingereza, nao haukufunguka. Mle ndani watu walinyamaza kimya, kwa kuwa anayegonga kwa Kiingereza huenda ametoka kwenye ofisi ya vibali. Akakumbuka bibi yake, akapaza sauti: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Mle ndani wakaangua kicheko. Kijana Peguy, muuza simu, akafungua.

"Mama, nani amekufundisha Kiswahili ya zamani hivi? Unaongea kama bibi ya bibi yangu!"

Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi. Kwa Jumamosi tatu Kulsum alipanda na kushuka ngazi zile na karatasi yake ya maswali ishirini, akamaliza nyumba nane. Walimjibu, walimcheka, walimpa soda. Naye aliporudi Chatsworth alikuwa akijisomea majibu yao kwa sauti, kana kwamba anaongea nao.

Nyumba ya tisa ilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu, kwa Bernadette, mwanamke wa Uvira asiyezidi miaka thelathini. Mumewe, Méthode, alifanya kazi Isipingo na kurudi Jumapili tu. Bernadette alikuwa amekaa juu ya kreti la plastiki, anamenya viazi. Alijibu maswali bila kuinua macho. Watoto wawili, wako kwa mama yake Uvira. Kanisani anaenda. Kizulu anajua kidogo, cha sokoni.

Kulsum akafika swali la kumi na nne. "Ukiugua, unamwita nani?"

"Naita Mama Cathy, hapa chini." Kisu kikasimama. Bernadette akamtazama. "Na weye, mama? Ukipata ugonjwa, unaita nani?"

Kulsum aliinamia karatasi yake, kana kwamba jibu limeandikwa humo. Hata Jaffer hakumjia akilini, au alimjia na funguo zake mkononi.

"Mimi sina," akasema.

Bernadette hakusema maskini. Aliichukua ile karatasi, akaiweka juu ya kitanda, akampa kisu cha pili. "Bon. Basi tumenye viazi."

Walimenya. Na katika kumenya huko Kulsum alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba siku ile ya mwisho alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake kwenye kiti, akamwuliza kama atakunywa chai, akamwuliza tena, akaenda akabandika maji, akarudi na kikombe, ndipo akamtazama.

"Uliongea naye," Bernadette akasema. "Ni vizuri. Hakuenda kimya."

Walikula viazi na samaki. Jua lilikuwa limeinama Kulsum alipoaga.

"Utarudi samedi?"

"Nitarudi Jumamosi, inshallah."

Jumatatu, akiwa anapanga ripoti, alisoma kijitabu cha maelekezo mpaka mwisho, jambo ambalo angepaswa kulifanya mwanzoni. Humo iliandikwa kwamba mtahiniwa akishamhoji mtu asirudi kwake wala kuwasiliana naye mpaka matokeo yatoke, la sivyo ripoti itafutwa. Akakipeleka kwa msimamizi wa mtihani pale ofisini.

"Ndivyo ilivyo," msimamizi akasema. "Ni miezi michache tu, Kulsum. Kwani ni ndugu yako?"

"Hapana."

Ilibaki nyumba ya kumi, na ya kumi ilikuwa ghorofa ya nne. Jumamosi ile alipofika ghorofa ya tatu alisikia kitunguu kinakaangwa nyuma ya mlango wa Bernadette, na sufuria ikigongwa kwa mwiko. Kulsum alivua viatu vyake vyenye kisigino, akapita kwa ncha za vidole na viatu mkononi kama mwizi. Wakati wa kushuka alifanya vivyo hivyo. Angeweza hata kumwachia Peguy neno. Hakuacha. Alikuwa karani kwa miaka ishirini na mbili, na kanuni ilikuwa imemwingia hadi mifupani.

Mtihani akafanya Novemba. Matokeo yakatoka Machi: amefaulu karatasi zote, na sosholojia ndiyo iliyompa alama za juu kabisa. Jaffer alipiga simu akasema alijua tangu mwanzo.

Jumamosi Kulsum alikaanga sambusa, akazifunga kwenye taulo zisipoe, akaenda mjini. Mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguliwa na mwanamume asiyemjua.

"Bernadette? Alienda Cape Town na bwana yake, mwezi wa kwanza. Miye nilikuta chumba iko tupu."

Akashuka kwa Mama Cathy, mama mnene mwenye saluni ndani ya chumba chake. Alikuwa anamsuka mteja. Alipomwona, mikono ikasimama kichwani mwa yule mteja.

"Eeh! Si ni weye mama ya makaratasi? Uko mzima!"

"Mzima."

"Bernadette alikungoja samedi nne. Anapika, anangoja. Kisha akasema, yule mama amegonjwa, na hana mtu wa kuita. Akatuma Peguy akutafute Chatsworth. Eish, mama, Chatsworth ni kubwa. Tungekutafuta wapi?"

Kulsum alibaki amesimama na sambusa zake. Alitaka kueleza habari ya kijitabu, akayasikia maneno yatakavyokuwa ya kipuuzi kwa Kiswahili, akayaacha. Mama Cathy hakuwa na anwani ya Cape Town. Hakuna aliyekuwa nayo. Kulsum akaomba kalamu, akaandika jina lake, nambari ya nyumba, na simu ya ofisi mpya ya Isipingo atakakoanza kazi, kwa herufi kubwa. Mama Cathy akakibandika kikaratasi kwenye kioo cha saluni.

Afisa Kulsum alianza Aprili. Sasa alibisha hodi kila siku, Isipingo nzima, na watu walimfungulia, wakapangusa kiti, wakazungumza naye kwa uangalifu kama mtu anayezungumza na ofisi. Alikuwa afisa mzuri. Kila simu ya mezani ilipolia alikuwa wa kwanza kuipokea. Majira ya baridi yakaingia, Cape Town haikupiga. Mama Cathy alipiga mara moja, Jumatano, kuuliza barua fulani ya shule inataka nini. Kulsum akamweleza taratibu, akarudia, akamwuliza kama ameelewa vizuri, akamwuliza na habari za saluni, mpaka upande wa pili ukasema sharp, sawa, mama, asante, ukakata.