Anayepanda Ndiye Mwenye Njia

Eulalie Joshua alikuwa mjumbe wa Baraza la kisiwa cha Mtakatifu Helena, cheo kinachompa mtu haki ya kusimamishwa dukani na kulaumiwa hata kwa mvua. Baraza lilikwisha kukubali kwamba basi la Blue Hill, kijiji cha mlimani, liendelee kwenda. Lakini Baraza likubali, likatae, neno la mwisho ni la Gavana, na Gavana hapigiwi kura na mtu: huletwa kutoka London pamoja na kofia yake ya manyoya, kama kifurushi cha posta. Huyu wa sasa, Bwana Penhale, hata viatu vyake havijazoea milima yetu, na tayari alisema basi lile linakula hazina bure. Angetoa uamuzi kesho yake.

Watu walikwisha kumbandika jina: Mkono Mfukoni. Kisiwani kila dereva humpungia mkono kila dereva, awe rafiki, awe hasimu, awe mume aliyekukimbia. Bwana Penhale hakumpungia hata paka.

Siku hiyo Eulalie alikuwa akipanda Blue Hill kwa gari lake kuukuu, Escort, akimrudisha nyumbani shangazi yake Ivy kutoka kliniki. Shangazi Ivy alikuwa na magoti ya miaka themanini na ulimi wa miaka ishirini.

"Huyo Gavana wako umembembeleza?"

"Nimembembeleza, Shangazi, mpaka nimekunywa ile chai yake isiyo na sukari. Anasema barabara ni nzuri, kila mtu aendeshe gari lake."

"Na mimi niendeshe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi mwambie akae mbali na ukuta."

Eulalie alicheka, ila moyoni hakuwa na kicheko. Siku ambazo yeye ana kikao, shangazi yake hushuka kliniki kwa basi hilo. Likifutwa, atashukaje?

Wakakata kona, na mbele yao likatokea gari jeusi lenye taji mahali pa namba. Lilikuwa likishuka. Magari mawili yakasimama pua kwa pua, ukuta huku, korongo kule, na nafasi ya kupishana hakuna. Gavana mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Akawasha taa, akazima, akawasha: rudini nyuma.

Sasa, mtoto wa kisiwa hujua sheria hii kabla hajajua kufunga viatu. Anayepanda ndiye mwenye njia. Anayeshuka hurudi nyuma mpaka penye upana.

"Nirudi tu, Shangazi," Eulalie alinong'ona. "Nikimkera leo, kesho basi limefutwa."

"Rudi. Lakini nifungulie mlango kwanza, mimi nitapanda kwa miguu."

"Kwa magoti gani?"

"Hayahaya. Yana haya kuliko wewe."

Juu ya ukuta Cyril Yon alikuwa ameacha kukata majani, ameegemea panga lake, anatazama. Cyril akiona jambo, hadi wakati wa chai mji mzima wa Jamestown umeliona. Eulalie akavuta breki ya mkono, akashuka, akaenda kuinama kwenye dirisha la Gavana.

"Samahani, Mheshimiwa. Huku anayeshuka ndiye anayerudi."

"Hata Gavana?"

"Hata maiti, Mheshimiwa. Jeneza likishuka, linarudi."

Alingoja akaripiwe. Badala yake aliona vidole vya Bwana Penhale vimeng'ang'ania usukani, vyeupe pepepe.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Dereva wangu yuko likizo. Nilikuja kuona kama basi linahitajika kweli. Nikitazama kule chini, mguu unagoma."

Eulalie alimhurumia, huruma ya kweli kabisa, na chini ya huruma hiyo palikuwa na furaha ambayo hakujisumbua kuionea aibu.

"Sogea huko, Mheshimiwa."

Akaketi kwenye usukani, mkono mmoja nyuma ya kiti, akalirudisha gari la taji kinyumenyume mlimani, kona kwa kona. Walipopita chini ya Cyril alimpungia.

"Na wewe punga, Mheshimiwa."

"Ni nani huyo?"

"Mpiga kura wangu. Wewe punga tu."

Gavana akainua mkono kama mtu anayekula kiapo. Cyril nusura aanguke ukutani.

Penye upana Eulalie alisimamisha gari, akamwachia funguo kitini, akaenda kuichukua Escort na shangazi yake. Aliporudi, funguo zilikuwa palepale kitini na Gavana amesimama kando, anatazama barabara.

"Hakuna njia nyingine ya kushuka?"

"Lipo basi, Mheshimiwa. Linapita sasa hivi."

Basi likaja. Desmond, dereva wake, alipunga kabla hajajua anampungia nani, kisha akasahau kushusha mkono. Abiria walisogeana, Gavana akaketi kati ya kikapu cha viazi na mama mmoja aliyempa kababu ya samaki bila kumuuliza. Korongo lilikuwa upande wake. Akaitia kababu yote mdomoni, akalishika bomba la kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Shangazi Ivy alishuka kwenye Escort, akajikongoja hadi dirisha la basi.

"Hivi mwanangu, hili basi unalifuta lini?"

Gavana alimeza.

"Nani kasema linafutwa?"

Desmond akaachia breki. Eulalie, ambaye wiki nzima hakupata usingizi kwa ajili ya basi hilo, alimpungia Gavana kwa nguvu zake zote. Gavana hakupunga. Safari hii hakuna aliyemlaumu, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.